Sampu ya nyongeza kwenye Karmann Ghia: inavuja, taa inawaka, inakwaruza chini, tuanzie wapi?

Hii naiandika kwa wenzangu wenye injini za Volkswagen za kupozwa na upepo, hasa wenye Karmann Ghia kama mimi, kwa sababu swali ni lile lile kila mara: nimefunga sampu ya nyongeza (boksi la kuongeza oili chini ya injini), sasa gari inadondosha oili, ama taa ya oili inawaka kwenye kona, ama presha imekuwa mbaya kuliko kabla sijaifunga, nifanye nini? Na mtu ukimuuliza fundi alimwambia nini, anakwambia fundi amesema ikazwe zaidi. Hilo jibu la kukaza zaidi limeua bloki nyingi na linaniuma, maana bloki zima la injini hii sa hizi ni mali, ukilipata lishike.

Tuelewane kwanza injini yenyewe ikoje. Karmann Ghia ni gari ya michezo kwa sura, umbo lilichorwa na Ghia wa Turin kule Italia, bodi ikaundwa na Karmann pale Osnabrück Ujerumani kuanzia 1955 mpaka 1974, lakini ukifungua buti ya nyuma unakutana na injini ya Beetle. Na injini hiyo huku kwetu ina heshima yake, Beetle imeshinda Safari Rally 1954, 1957 na tena 1962 na Tommy Fjastad. Yangu ni ya 1971, ya 1600, nakaa nayo Mombasa. Sasa hii injini haina sampu ya bati ya kufungua kama Toyota. Bloki ni nusu mbili za magnesiamu zimebanwa pamoja, oili inakaa humo humo tumboni, lita 2.5 tu. Chini kuna kifuniko cha duara kimeshikwa na stadi (bolti zisizo na kichwa) sita za M6, unafungua na spana namba 10, na juu ya hicho kifuniko kuna chujio la waya limebanwa katikati ya gasketi mbili za karatasi. Filta ya kubadilisha hakuna. Mrija wa kunyonyea unashuka mpaka ndani ya chujio, pampu inavuta hapo.

Sampu ya nyongeza ni boksi la aluminiamu lenye mapezi ya kupozea linalofungwa pale palipokuwa na kile kifuniko. Zinauzwa za saizi tofauti, ile inayopendwa zaidi inaongeza kama lita 1.4, na inakuja na kipande cha mrija cha kurefusha mrija wa kunyonyea mpaka ufike chini ya boksi. Faida yake kubwa ni kwenye kona. Injini imelala, silinda mbili kulia mbili kushoto, ukipinda kwa kasi oili inakimbilia upande mmoja mpaka kwenye tapeti kava, na kwa lita 2.5 mdomo wa mrija unabaki mkavu, pampu inavuta hewa, beringi zinakosa oili. Kwa hiyo unaongeza oili na unaishusha chini pale mrija unapoifuata.

Lakini shika hili kabla hujagusa spana: nyongeza inaongeza oili, haiongezi presha. Injini iliyochoka ukiifungia nyongeza ni injini iliyochoka yenye oili nyingi. Na kila unapofunga nyongeza umeongeza maungio, palipokuwa na sehemu moja ya kuvuja sasa ziko mbili, na mrija uliokuwa kitu kimoja sasa ni vipande viwili. Shida nyingi nitakazozitaja zinatoka kwenye hayo maungio na huo mrija.

Inadondosha oili

Usikaze. Narudia, usikaze kitu. Kwanza hakikisha ni nyongeza inayovuja, kwa sababu nyongeza ndo iko chini kabisa na chochote kinachovuja juu kitateremka na upepo wa barabarani utakisambaza mpaka kidondoke kwenye mapezi yake. Nimeona mtu kabadilisha gasketi mara tatu, kumbe ni sili za mirija ya pushirodi, ile mirija minane inayopita chini ya silinda. Wengine ni tapeti kava, wengine swichi ya presha, wengine sili ya flaiwili, hiyo inadondosha pale injini inapokutana na giaboksi.

Namna ya kujua: osha chini yote kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke kabisa, alafu paka unga wa talki ama hata unga wa ngano kuzunguka maungio ya nyongeza, washa gari ikiwa imesimama mpaka ipate moto, zima, ingia chini na tochi. Usiiendeshe, ukiiendesha upepo unakuharibia ushahidi. Unga ukilowa kuanzia juu, yaani michirizi inashuka kutoka kwenye silinda, nyongeza haina kosa. Ukilowa kwenye mstari wa gasketi peke yake, ndo hapo. Baadae weka kipande cha katoni chini usiku kucha ukiwa umeweka alama ya magurudumu, asubuhi utaona tone limeanguka wapi.

Ikiwa ni gasketi kweli, sababu zinajirudia. Kubwa kuliko zote ni kukaza kupita kiasi. Zile nati sita zinatakiwa 7 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Hiyo ni kidogo mno, watu hawaamini. Ukiwa na spana ya urefu wa sentimita 12, ni kama kuning'iniza kilo 6 mwisho wa spana, yaani nguvu ya vidole tu, mkono wa bega usiingie. Fundi aliyezoea lori anakaza mpaka asikie imegoma, na ikigoma ujue thredi za magnesiamu zimeshaanza kunyanyuka. Gasketi ya karatasi nayo ikibanwa sana inatoka pembeni ya tundu na kupasuka, flenji inajikunja kuzunguka kila bolti na katikati ya bolti mbili panabaki wazi. Ndo maana unakaza inavuja zaidi, unakaza tena inavuja zaidi.

Yangu ilinikuta hivyo. Kuna gereji nilipeleka kubadilisha oili tu, nikaambiwa kila kitu tayari, baada ya wiki mbili nikaanza kuona madoa. Nilipofungua, stadi moja ilitoka na nati yake bila hata kuzungushwa, nikaivuta kwa vidole. Juu yake kulikuwa na nyuzi ya rangi ya fedha imejizungusha kama springi ya kalamu, laini, unaweza kuikunja kwa kucha. Zile zilikuwa thredi za bloki langu. Nilikaa chini ya gari nimeishika ile nyuzi kwenye kiganja kama dakika tano hivi, sikuwa na la kusema.

Stadi iking'oka, dawa ipo na ni nzuri: kuna stadi za ngazi, upande wa juu M8 upande wa chini M6, unatoboa tundu la bloki, unakata thredi mpya za M8, unaingiza na gundi ya thredi. Ama unaweka helikoili, ile springi ya kutengeneza thredi upya. Vyote vinafanya kazi ilimradi toboo liwe wima, na paka grisi kwenye kikatio cha thredi ili vumbi la magnesiamu ling'ang'anie kwenye grisi lisiingie juu kwenye injini. Usijaze gundi ya chuma ya madukani ukasema itashika. Haishiki, joto likipanda inaachia, na siku itakayoachia utakuwa barabarani.

Sababu nyingine ya kuvuja ni uso usio sawa. Chukua kipande cha kioo kinene, tandika msasa wa maji namba 400 juu yake, weka uso wa nyongeza, usugue kwa kuzungusha namba nane mara chache, ugeuze uangalie. Palipong'aa pamegusa, palipobaki na rangi ya zamani ni bonde. Endelea mpaka mng'ao uwe duara lisilokatika. Kile kifuniko cha bati cha chini, kama nyongeza yako inatumia kile kile cha zamani, utakikuta kimebonyea kuzunguka matundu, kilaze juu ya chuma kizito ugonge kwa nyundo ya mviringo taratibu mpaka kinyooke. Osha vizuri baada ya msasa, chembe za msasa kwenye beringi ni sumu.

Washa za shaba chini ya nati usizirudie. Zimetengenezwa zibonyee mara moja. Oili inapanda kwenye thredi za stadi na kutokea kwenye nati kama washa imechoka, na hapo unalaumu gasketi bure.

Alafu silikoni. Jamani silikoni. Kila fundi ana tyubu mfukoni na anaona gasketi bila silikoni haijakamilika. Ile inayotokeza nje unaiona na unaifuta, ila nusu nyingine imetokeza ndani, inakauka, inakatika vipande vipande, inaenda kukaa kwenye chujio. Nimetoa chujio lililofunikwa robo nzima na vipande vyekundu kama nyama ya nyanya. Gasketi mbili kavu, nyuso safi zisizo na oili, hiyo ndo njia. Ukiona lazima upake kitu, paka utando mwembamba wa kidole upande wa bloki tu.

Ukishafunga, endesha siku moja, acha ipoe kabisa usiku, asubuhi pitia nati zote tena kwa 7 Nm ile ile, kwa sababu karatasi inanywea. Mara moja inatosha. Hii sio ruhusa ya kukaza kila Jumamosi.

Sisi wa pwani tuna la ziada. Magnesiamu na chumvi ya bahari haviivani, na ukiigusanisha na aluminiamu pakawa na unyevu, magnesiamu ndo inayoliwa. Ukiona unga mweupe umeota kwenye ukingo wa maungio, fungua mapema, safisha kwa brashi ya nailoni, usiache mpaka shimo lifike chini ya gasketi. Mimi nikitoka kuendesha barabara ya karibu na maji nasuuza chini kwa maji ya kawaida, injini ikiwa imepoa.

Taa ya oili inawaka

Hapa sitaki mzaha. Ile swichi inawasha taa presha ikiwa imeshashuka mpaka psi chache tu (psi ni kipimo cha presha). Haikuonyi kwamba presha inaelekea kushuka, inakwambia imeshaisha. Ikiwaka unaendesha, klachi, zima, pembeni. Usiseme nifike gereji ipo hapo mbele. Konrodi ikinoki hiyo hela ya kuvutwa utaitamani.

Sasa swali ni inawaka lini, maana kila wakati una sababu yake.

Kama inawaka kwenye kona tu, alafu inazima ukinyooka, na kabla ya nyongeza ilikuwa inafanya hivyo hivyo, basi nyongeza yako imefungwa bila kile kipande cha mrija. Hii inatokea sana, mtu amenunua iliyotumika, mrija umepotea, akafunga boksi peke yake. Pale lita 1.4 ya oili imekaa chini haiguswi na chochote, mrija bado unanyonya juu pale pale pa zamani. Jazo umeliongeza, kona hujazitibu.

Kama haikuwa inawaka kabla, na sasa inawaka ama inachelewa kuzima asubuhi, fikiria maungio ya mrija. Kile kipande kinavaa juu ya mrija wa injini, kikiwa kimelegea kinaweza kunyonya hewa pale juu badala ya oili chini. Jaribio rahisi: ongeza oili nusu lita juu ya alama, washa, iangalie ikiwa imesimama tu. Taa ikitulia kwa nusu lita hiyo, kuna mahali hewa inaingia, pengine kwenye hayo maungio. Imwage ile ziada, usiendeshe nayo. Kuna pia uwezekano mrija wa injini wenyewe umelegea kule juu unapoingia kwenye bloki, hilo ni tatizo la zamani la injini hizi hata zisizo na nyongeza. Ushike kwa vidole kupitia tundu la sampu uutikise. Ukicheza, unatakiwa ugongwe pembeni kwa panchi ubanwe, na hiyo kazi mpe mtu aliyewahi kuifanya.

Na kuna ile inayowachanganya wengi: gari ikiwa imesimama inaunguruma tu presha ni nzuri, ukikanyaga mafuta presha inashuka badala ya kupanda. Hapo mrija ni mrefu mno, mdomo wake umekaribia kugusa kifuniko cha chini, pampu inataka oili nyingi na nafasi ya kupita haipo. Namna ninavyopima: naiba udongo wa kuchezea wa watoto, naviringa donge kama zabibu, nabandika kwenye kifuniko chini ya mdomo wa mrija, nafunga kifuniko na gasketi zake kwa mkono, nafungua. Mdomo unaacha alama ya duara kwenye udongo, nakata donge katikati kwa wembe, napima unene uliobaki. Milimita 6 mpaka 10 ndo nzuri. Mara ya kwanza nilipopima yangu ulibaki utando unaoweza kuona mwanga kupitia kwake, milimita moja pengine, nikajua kwa nini gari ilikuwa inalia juu ya mizunguko 3000. Nilisaga mrija kwa tupa, nikausafisha, nikapima tena mara mbili. Ufute udongo wote kabla ya kufunga, usiache hata punje.

Baada ya kumwaga na kufungua kila kitu pampu huwa imekauka. Usiwashe moja kwa moja, chomoa waya wa katikati wa koili, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa izime yenyewe, ndo urudishe waya.

Presha iko chini ikipata moto tu

Asubuhi safi kabisa, baada ya kutoka Mombasa mpaka Mariakani foleni ya malori taa inaanza kupepesa ukisimama. Hii mara nyingi haihusiani na nyongeza. Funga geji ya presha uone namba, kupepesa kwa taa hakukwambii kiasi. Injini nzima ikiwa ya moto kwa mizunguko 2500 inatakiwa iwe na kama psi 42, na ikishuka chini ya 28 imechoka. Angalizo moja muhimu: tundu la swichi ya presha ni M10 yenye thredi za milimita 1, tena imechongoka. Viungo vya geji vinavyouzwa madukani vingi ni vya thredi za Kimarekani, vinaanza kuingia kama vimekubali alafu vinagoma, na mtu anavilazimisha mpaka bloki linapata ufa. Ukiona zamu mbili tatu imekuwa ngumu, toa.

Namba ikiwa chini, kabla ya kulia beringi, fungua valvu ya kupunguza presha iliyo chini upande wa pampu, skrubu kubwa yenye mfereji wa bisibisi. Ndani kuna pistoni ndogo na springi. Ikikwama wazi, oili moto inarudi tu sampuni bila kwenda kokote. Itoe, ing'arishe kwa msasa laini sana, iteleze yenyewe kwa uzito wake, irudishe. Bei yake ni jasho lako tu na inatibu wengi.

Oili nayo. Mimi natumia 20W-50 kwa joto letu la pwani, wa Nairobi na nyanda za juu 15W-40 inawafaa. Zile nyepesi za magari mapya acha. Injini hii kamshafti yake inasugua tapeti bapa, inataka oili yenye zinki ya kutosha, ulizia hilo unaponunua.

Joto limebaki pale pale

Wengi wananunua nyongeza kwa ajili ya joto na wanavunjika moyo. Oili nyingi inachelewa kupata moto, ndio, ila ukiendesha saa nzima inafika kule kule, mapezi yanasaidia kidogo tu. Injini hii inapozwa na feni, kwa hiyo tafuta huko: mabati ya injini yamekosekana, mpira wa kuzunguka chumba cha injini umeoza na hewa moto ya chini inapanda juu kunyonywa tena na feni, taimingi iko mbele, kabureta inatoa mafuta kidogo, rejeta ndogo ya oili imejaa vumbi. Na ikiwaka taa ya jenereta simama hapo hapo, fenibelti ikikatika feni nayo imesimama.

Oili imekuwa kama maziwa

Ukifungua kifuniko cha kujazia ukakuta ute mweupe, usikimbilie kusema ni gasketi ya silinda, hii gari haina maji. Ni unyevu wa hewa. Safari zako ni fupi, na sasa una karibu lita 4 za kupasha badala ya 2.5, oili haifiki joto la kufukuza mvuke. Mara moja kwa wiki iendeshe dakika 40 bila kusimama. Wenye magari kule Limuru wataiona hii zaidi yetu.

Inatupa oili kupitia bomba la kupumulia

Umejaza sana. Mtu ananunua galoni la lita 4, anamwaga lote alafu anaongeza "kidogo cha usalama". Dipstiki haijabadilika, alama za zamani zinafaa vile vile kwa sababu nyongeza iko chini yake. Weka lita 3.5, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, gari iwe sehemu tambarare, soma, ongeza polepole mpaka alama ya juu. Basi. Ukizidisha, kranki inapiga oili mpaka inatoa povu, na povu halibebi beringi.

Inakwaruza chini

Hii ndo inayonikosesha usingizi. Injini imening'inia nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa hiyo magurudumu yakishashuka tuta mkia unafuata chini, na nyongeza ndo ya kwanza kugusa. Kwenye feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa ile ngazi ya kushukia inasimama, na pale unapoingia kwenye zege nyongeza inasugua kama huendi kwa mshazari. Kabla ya kununua pima kutoka ardhini mpaka kifuniko cha sasa abiria wakiwa ndani, toa urefu wa nyongeza, uone kinachobaki. Kwa barabara zetu naonelea nunua ile nyembamba, achana na zile kubwa za lita tatu na zaidi, hizo ni za gari za mbio.

Ikigonga jiwe hata kama haivuji, fungua uangalie. Pigo linapita mpaka kwenye stadi na kwenye mrija. Kagua mambo matatu: ufa mwembamba kwenye kona za flenji, paka rangi ya wino uifute, ufa utabaki na wino, stadi kama zimepinda, na ule udongo wa kuchezea tena, maana kifuniko kikibonyea kwenda juu kinaziba mdomo wa mrija na wewe huoni kitu kwa nje. Kinga ya bati chini ni nzuri, ila iwe na matundu na ifungwe kwenye giaboksi ama chesisi, usiifunge kwenye stadi za sampu, utakuwa umetengeneza nyenzo ya kuzing'olea.

Kila kilomita 5000

Oili inabadilishwa kila kilomita 5000 kama zamani, nyongeza haikupi ruhusa ya kwenda 10,000, filta bado hakuna. Imwage ikiwa ya moto. Kufungua nati ya kumwagia peke yake hakutoshi, nyongeza nyingi zinabakiza matope chini pembeni, kwa hiyo fungua kifuniko, toa chujio, lioshe na mafuta ya taa, na uangalie lina nini. Vumbi laini la kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya fedha vinavyokunjika ni beringi, vinavyonasa kwenye sumaku ni chuma cha gia ama kamshafti. Silikoni unajua imetoka wapi. Ukiwa hapo chini na injini ikishapoa kabisa rekebisha valvu pia, milimita 0.15 zote, alafu gasketi mbili mpya, washa sita mpya, 7 Nm kwa mtindo wa nyota, waya wa koili nje mpaka taa izime, washa, dakika kumi, zima, katoni chini mpaka asubuhi.